Mahali pa Kulala Bahla

Mahfudha, umeniuliza treni inasimama wapi.
Treni haipo. Reli tunaiona gazetini,
mstari mwekundu unaokata jangwa bila kutoka jasho.
Panda basi Muskati asubuhi,
ukae kulia. Kushoto jua litakula bega lako
mpaka Izki.

Hoteli zipo. Moja iko barabara kuu,
ubavuni mwa kituo cha mafuta, vioo vya buluu,
kwenye dari ya kila chumba mshale wa kibla.
Riali ishirini na mbili, na chai ya asubuhi ndani yake.
Ni safi. Sina neno nayo.
Ila kutoka huko ngome utaiona kama picha ya kalenda,
na sokoni utafika kwa teksi
wauza mitungi wakiwa wameshaanza kufunika bidhaa.

Nyingine ni nyumba ya udongo, mtaa wa kale.
Vijana wawili wameifufua, wakaipaka, wakaitia taa za manjano.
Milango mifupi: utainama, upende usipende.
Usiku watakuletea kahawa na habari za majini.
Majini wa Bahla, dada yangu, wana kazi nyingi bila mshahara:
ndio wanaozima umeme,
ndio wanaomchelewesha fundi bomba.
Sikiliza, cheka, lipa.

Lakini wewe ni mfinyanzi.
Mikono yako imezoea Wete, udongo mwekundu, moto wa makumbi.
Kwako nina njia nyingine.

Pita soko, ufuate mfereji wa maji
mpaka harufu ya makuti ya mtende yanayoungua.
Uliza uwanja wa Habis bin Sulayyim.
Nyuma ya joko ana vyumba viwili,
havina jina, havina nyota, choo kiko nje,
na mto wa kulalia ni mgumu kama deni.
Ukimuuliza bei atacheka.
Usikiamini kicheko. Acha riali nane chini ya chetezo.
Kabla ya adhana utasikia pwa, pwa, pwa:
mwanawe Nasib, miguu mitupu, anakanda udongo.

Bibi yetu Thuwaiba, mwaka ule waliouita wa kurudi
(neno hilo hakulipenda;
«Nilirudi vipi pahali ambapo sijafika?»),
alishuka hapo kwenye lori
na watoto watatu, na sufuria moja ya Pemba.
Kiarabu alichokuwa nacho kilikuwa cha msahafuni,
hakikujua kuomba maji.
Jamaa walioandikwa kwenye barua, mmoja yuko kaburini,
mwingine Kuwait, anabeba zege.
Ilikuwa Januari. Baridi ya mlimani,
wewe huijui, inaingia kwa kucha.
Milango ilimtazama. Yeye akaitazama.

Baba yake Habis alikuwa ametoka kutoa mitungi jokoni.
Hakusema kitu. Alinyoosha kidole chenye udongo
akaonyesha ukuta wa joko, upande usio na upepo.
Walilala hapo siku kumi na tisa.

Nilipokuwa mdogo nilitaka anisimulie zaidi:
walikula nini, nani alilia.
Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasema,
«Joko likishatolewa vyungu, joto lake hudumu hadi alfajiri.»
Akaendelea kuchambua.

Kwa hiyo sijui kama hii ni nasaha ya msafiri
au nakutuma ukanilalie mahali
ambapo mimi, mwenye gari na saa moja tu ya njia,
sijawahi kulala.

Njoo na konzi ya udongo wa kwenu.
Forodhani waambie ni udongo, hawataamini, lakini ni kweli.
Habis ana hamu aone kama utaukubali moto wake
au utapasuka.
Basi la kurudi huondoka mapema, wengi hulikosa.
Na leta soksi.